Saizi ya tairi kwa gari la mtaani linaloenda dragi: anza na kimo, upana baadaye

Ukiingia duka la rimu Ilala au Kariakoo ukasema Toyota Altezza yako inaenda kwenye dragi, yaani mbio fupi za kwenda moja kwa moja, macho yatakimbilia inchi 18, pengine 19, zenye tairi ya ubavu mwembamba. Gari litapendeza kweli. Likifika kwenye mstari wa kuanzia litaspini gea ya kwanza yote na nusu ya pili, na Mark II ya mzee yenye inchi 16 itakuwa imeshaondoka.

Tairi ya dragi inachaguliwa kwa mpangilio huu: kimo (urefu wa tairi kutoka chini hadi juu), kisha rimu, kisha upana, na mwisho aina ya mpira. Wengi huanza na upana kwa sababu ndio unaoonekana ukisimama nyuma ya gari. Upana una kazi yake, lakini kimo ndicho kinachogusa gea, spidi ya mwisho na nafasi ndani ya fenda kwa mpigo mmoja. Ukikikosea kimo, hakuna upana utakaokuokoa.

Tunazungumzia gari la kila siku, linalokwenda kazini Jumatatu na kushindana siku ambayo barabara imefungwa kwa kibali. Barabara ya Bagamoyo saa nane usiku si uwanja. Ina mchanga pembeni na bodaboda zisizo na taa.

Hesabu ya kimo

Chukua tairi iliyoandikwa 215/45R17 87W. Upana ni milimita 215. Ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 97 hivi. Rimu ni inchi 17. Namba 87 maana yake tairi moja inabeba kilo 545, na W ni spidi isiyozidi kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni kwa dereva, hata kama tairi ni ya bei nzuri.

Kimo unakipata hivi: zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa 2, kisha ongeza inchi za rimu mara 25.4. Kwa tairi hiyo ni 193.5 jumlisha 431.8, jumla milimita 625. Tukilinganisha na saizi nyingine ambazo mtu mwenye Altezza au Mark II huzifikiria:

225/40R18: kimo 637, ubavu 90
235/35R19: kimo 647, ubavu 82
225/50R16: kimo 631, ubavu 113
245/45R16: kimo 627, ubavu 110
225/50R15: kimo 606, ubavu 113
235/60R15: kimo 663, ubavu 141

Angalia mstari wa 225/50R16. Kimo kimebadilika kwa asilimia 1 tu kutoka 215/45R17, kwa hiyo gea hazijaguswa, lakini ubavu umeongezeka milimita 16. Ubavu huo ndio unaojikunja gari linapong'oka, unaumeza ule mshtuko wa klachi, na kuirefusha sehemu ya mpira inayolala kwenye lami. Ile ya inchi 19 imefanya kinyume: kimo kimepanda, ubavu umepungua, na rimu yenyewe mara nyingi ni nzito zaidi. Umeliongezea gari mzigo wa kuzungusha na umelinyima mto wa kukanyagia.

Kimo na gea

Tairi ndefu ni sawa na kubadili difu bila kufungua difu. Tuseme difu lako ni 4.1, gea ya tatu ina uwiano wa 1.48, na injini unaivuta hadi mizunguko 7,500 kwa dakika. Mara 1.48 kwa 4.1 ni 6.07. Gawanya 7,500 kwa 6.07, gurudumu linazunguka mara 1,236 kwa dakika. Tairi ya kimo cha 625 inatembea mita 1.96 kila mzunguko, kwa hiyo gea ya tatu inaishia karibu kilomita 146 kwa saa. Ukifunga ya 606 inaishia 141. Ukifunga ya 663 inafika 154.

Sasa tuseme mbio ni za mita 402, na gari lako linavuka mstari wa mwisho likiwa kwenye kilomita 150 kwa saa. Kwa tairi ya 625 utalazimika kuingiza gea ya nne zikiwa zimebaki kama mita 20. Huko mwishoni kubadili gea ni hasara tupu: klachi ikishuka gari halisukumwi, na kabla gea ya nne haijaanza kuvuta umeshapita mstari. Kwa tairi ya 663 unavuka ukiwa bado kwenye ya tatu. Inavutia kwenye karatasi, ila umelipa mapema: nguvu ya kusukuma imepungua kwa karibu asilimia 6 kwenye kila gea, kuanzia sekunde ya kwanza. Injini isiyo na turbo itaisikia hasara hiyo mita 20 za mwanzo, ambako ndiko mbio nyingi huamuliwa.

Kwa hiyo, kwa injini isiyo na turbo, baki ndani ya asilimia 3 ya kimo cha kiwandani, juu au chini. Ukiwa na nguvu kidogo na gea unayomalizia nayo haifiki mizunguko ya juu, shuka. Kwa gari la turbo lenye nguvu nyingi kuliko tairi, tairi ndefu kwa asilimia 4 hadi 6 inaweza kukusaidia, kwa sababu inailainisha gea ya kwanza iliyokuwa inaspini bure. Kama mbio ni za mita 201, sahau spidi ya mwisho, tafuta mwondoko.

Kuna jambo linalowapata wanaotoka Arusha. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, na Arusha iko kama mita 1,400 juu. Gari likishuka Dar linavuta pumzi kamili, nalo linaanza kuspini kwa tairi zile zile zilizokuwa zikishika vizuri kule. Tairi haijaharibika, nguvu ndiyo imerudi.

Usiishie kwenye kimo cha karatasi. Tairi zenye saizi moja kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana milimita kadhaa, na tairi ikibeba gari hubonyea. Jaza upepo utakaoutumia siku ya mbio, simamisha gari sehemu tambarare, mtu mmoja akae kwenye usukani. Chora mstari wa chaki kwenye ubavu mpaka chini, na mwingine sakafuni palepale unapogusa. Sukuma gari taratibu mpaka mstari wa tairi urudi chini, weka alama ya pili, pima kwa tepu katikati ya alama mbili. Ukipata mita 1.90 mahali ambapo hesabu ilisema 1.96, usishangae, na tumia hiyo 1.90 kwenye hesabu ya gea. Fanya kwa tairi ya kushoto na ya kulia. Zikipishana zaidi ya sentimita 1 kwenye ekseli moja inayovuta, difu litakuwa linafanya kazi hata gari likienda moja kwa moja, na lenye kufuli ndani litachakaa haraka.

Rimu: ndogo kadiri breki zitakavyoruhusu

Kinachokuzuia kushuka inchi ni kalipa, kile kishikio cha breki kinachobana diski. Kwa gari linalovuta nyuma una bahati, kwa sababu breki za nyuma kwa kawaida ni ndogo kuliko za mbele, na nyuma ndiko unakotaka ubavu mrefu. Usinunue kwa kuambiwa "hii inaingia tu". Azima rimu tupu, isiyo na tairi, ifunge kwa nati zote, izungushe kwa mkono. Ikiacha nafasi ya milimita 3 kati yake na kalipa, inatosha. Ikigusa hata kidogo, iache; kuipiga kalipa grainda ili rimu ipite ni kazi ya kijinga.

Tundu za nati ziangalie kabla ya kulipa. Altezza, Mark II na Crown ni tundu 5 kwa milimita 114.3. Impreza nyingi ni 5 kwa 100, na zile za STI za miaka ya baadaye ni 114.3. Tundu la katikati la Toyota hizo ni milimita 60.1, la Subaru 56.1, kwa hiyo rimu ya Toyota hizo itakaa kwenye STI yenye 114.3 lakini italegea katikati na usukani utatetemeka mpaka uweke pete. Nati nazo hazifanani: Toyota ni milimita 12 kwa 1.5, Subaru ni 12 kwa 1.25. Nati ya moja huingia mizunguko miwili kwenye stadi (bolti ya gurudumu) ya nyingine, kisha inakaza. Fundi asiyejua ataisukuma kwa spana ya upepo, na hapo stadi imeshakatika meno.

Upana wa rimu unaamua umbo la tairi. Tairi ya 225/50R16 inakubali rimu kuanzia 6J hadi 8J (namba kabla ya J ni upana wa rimu kwa inchi), na yenyewe hupimwa ikiwa kwenye 7J. Ya 225/45R17 ni 7J hadi 8.5J. Kila nusu inchi ya rimu unayoongeza, tairi hiyo hiyo inatanuka kama milimita 5. Tairi pana kwenye rimu nyembamba inavimba katikati, na kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) za pembeni haziifikii lami sawasawa. Tairi nyembamba iliyovutwa kwenye rimu pana, ule mtindo wa kwenye picha, inakaza ubavu hadi haujikunji tena. Kwa dragi huo ni ugonjwa.

Namba ya ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye habu, nayo ina hesabu yake. Ukitoka 7J yenye ET50 kwenda 8J yenye ET45, ukingo wa ndani unasogea milimita 7.7 kuelekea shokapu na wa nje unatoka milimita 17.7 kuelekea fenda. Ukilazimika kuweka spesa (kipande cha kuisogeza rimu nje), hesabu nati inaingia mizunguko mingapi: isipungue 8 kwa Toyota, 10 kwa Subaru.

Rimu ya mtumba ikague ukingo wa ndani, upande usioonekana dukani. Alama ya welding kwenye rimu ya alumini, irudishe.

Upana: unaongeza nini hasa

Watu hudhani tairi pana ina eneo kubwa zaidi kwenye lami. Kwa kiasi kikubwa eneo linatokana na mzigo na upepo. Tuseme gari linapong'oka kila tairi ya nyuma inabeba kilo 350. Kwa PSI 30, ambayo ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba, tairi inahitaji kama sentimita za mraba 167 kubeba mzigo huo. Kwa PSI 20 inahitaji kama 250. Hesabu hii ni ya haraka, kwa sababu ubavu mgumu nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini inaonyesha kuwa kushusha upepo kunakupa zaidi kuliko kuruka kutoka 215 hadi 235. Kazi ya upana ni kukupa mpira mwingi wa kugawana joto, na kukuruhusu kushusha upepo bila tairi kuyumba.

Kwa makadirio yetu, gari la kilo 1,300 hadi 1,450 lenye nguvu za farasi 150 linatosheka na 205 yenye mpira laini. Farasi 200 hadi 220, weka 225. Ukifika 300, tafuta 245. Kuanzia 400 hakuna upana wa tairi ya kawaida utakaokutosha, ni lazima radiali za dragi (tairi laini maalumu za mbio hizi) za 255 au zaidi, na hapo shafti na gea zianze kukukosesha usingizi. Tairi ikigoma kuteleza, nguvu inatafuta pa kutokea, na gia boksi ya Subaru ya gea 5 inajulikana kwa kuvunjika hivyo.

Kwenye gari linalovuta nyuma, mbele weka nyembamba kadiri usalama wa breki unavyoruhusu. 195 au 205 nyepesi inatosha.

Mpira wenyewe

Ubavuni pana namba ya uchakavu, kwa kawaida baada ya neno TREADWEAR, yaani kuchakaa kwa kashata. Tairi ya kawaida ya mjini ni 300 kwenda juu: inadumu, inateleza. Za michezo zenye 200, kama Bridgestone Potenza RE-71RS, ni pa kuanzia kwa gari linalotembea kila siku. Chini ya hapo kuna nusu sliki (zenye mifereji michache) kama Toyo Proxes R888R, na radiali za dragi kama Mickey Thompson ET Street R na Nitto NT555R. Namba hii hupimwa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha tairi za kampuni moja, usiiamini sana kati ya kampuni na kampuni.

Sliki kamili, zisizo na mifereji, huandikwa kwa inchi, mfano 26.0/8.5-15: kimo inchi 26, upana 8.5, rimu 15. Zile zisizo radiali hutanuka spidi ikipanda, na huyumba zikiwa na upepo mdogo. Si za gari litakalorudi nyumbani kwa barabara ya Mandela.

Umri usomwe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa joto la Dar, tairi laini iliyokaa dukani kwenye jua la mlangoni inakauka. Bonyeza kashata kwa ukucha. Ikikataa kabisa kuacha alama, umeuziwa plastiki.

Kuhakikisha haigusi

Kabla ya kufunga jumla, funga gurudumu moja na ukande donge la unga wa chapati. Paka mafuta kidogo kwenye tairi ili unga usinate, kisha bandika vipande vya unene wa sentimita 2 sehemu tatu: ndani karibu na shokapu, juu ya fenda, na kwenye mdomo wa fenda kwa nje. Pakia mifuko miwili ya saruji kwenye buti, kilo 100, kwa sababu nyuma hukaa chini gari linapong'oka. Sukuma gari mbele na nyuma, lipige chini mara kadhaa kwa uzito wa watu wawili. Toa vipande, kata kwa kisu, pima unga uliobaki. Karibu na shokapu unataka milimita 10, na 12 kwa radiali ya dragi kwa sababu ubavu wake hukunjika na kutoka nje. Mdomo wa fenda unataka 15. Ukikuta milimita 4, tatizo hilo halitajiponya lenyewe barabarani, litakata tairi.

Upepo siku ya mbio

Pima kwa geji yako mwenyewe, ile ile siku zote. Geji za vituo hupishana hadi PSI 3. Tairi za kawaida au za 200 anza na PSI 30 nyuma, shusha 2 kila ukirudi, na usiende chini ya 22. Radiali za dragi hufanya kazi kati ya 15 na 20. Za mbele zisizovuta zipandishe hadi 38 au 40 ili zizunguke kirahisi, ilimradi usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Gari likisimama na ubavu mmoja kwenye jua la saa tisa, tairi za upande huo zinapanda. Kila nyuzi joto 5 au 6 huongeza kama PSI 1, kwa hiyo kushoto na kulia vinaweza kupishana 2 bila mtu kugusa, na gari likavuta upande linapong'oka. Funika kwa boksi au geuza gari.

Kuchoma tairi: za kawaida zizungushe kidogo tu kuondoa mchanga, sekunde 2 hivi. Ukizidisha, mafuta ya mpira hutoka juu na zinateleza zaidi. Radiali za dragi zinataka moshi wa kwanza uonekane, kisha basi. Kabla ya yote chora mstari wa rangi nyeupe kutoka rimu hadi ubavu. Baada ya kila mbio uangalie. Mstari ukiachana, tairi inazunguka ndani ya rimu. Upepo uko chini mno.

Subaru na IST

Gari linalovuta magurudumu yote manne lifunge tairi nne za saizi moja, kampuni moja, na kashata zinazolingana. Mzunguko wa moja na nyingine usipishane zaidi ya milimita 6, la sivyo difu la katikati linapika mafuta yake. Usiweke radiali mpya nyuma na zilizochakaa mbele.

IST, Vitz na ndugu zao huvuta mbele, na uzito hukimbilia nyuma pale unapouhitaji mbele. Tairi nzuri ziende mbele, kimo kisizidi cha kiwandani, na upepo wa nyuma uwe juu.

Kurudi nyumbani

Jaza upepo wa kawaida kabla ya kutoka uwanjani. Kaza nati kwa toki renchi, Toyota ni Nm 103, kisha rudia baada ya kilomita 50. Radiali za dragi hazina mifereji ya kutosha kwa maji, kwa hiyo miezi ya masika funga za kawaida na uzibebe nyingine kwenye buti. Na kama umepanda asilimia 6 kwenye kimo, dashibodi ikisema 50 wewe uko 53, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi.